Mahindi juu ya mahindi: Somo la Longisa na Mulot kwa jamaa walio mjini

KILA ifikapo mwisho wa mwaka, magari ya abiria yatokayo Bomet kuelekea Nairobi hupita Mulot yakiwa yamelemewa na magunia kwenye keria. Mengi ya magunia hayo ni ya mahindi. Ni zawadi ya mama kwa mwanawe anayelipa kodi ya nyumba mjini, na ni ugali ambao hautanunuliwa dukani hadi Machi au Aprili. Ndiyo maana kijana wa mjini apigapo simu nyumbani, swali lake la kwanza baada ya salamu huwa ni moja tu: mahindi yako vipi?

Swali hilo ni jema. Lakini leo ningependa msomaji aongeze swali la pili, ambalo huenda likawa na uzito kuliko lile la kwanza: kipande kile cha shamba kilipandwa nini msimu uliopita? Ikiwa jibu ni mahindi, na msimu uliotangulia pia ni mahindi, basi jamaa hiyo inacheza kamari na chakula chake, na mara nyingi pesa za kamari hiyo hutoka mjini.

Hakuna mahali panapofaa kujifunzia jambo hili kuliko Mulot yenyewe na majirani zake wa Longisa.

Kwa asiyeifahamu, Mulot ni soko lililo kando ya barabara ya Narok kwenda Bomet, karibu na mto Amala, ambao hutiririka kutoka msitu wa Mau na kuungana na Nyangores kufanya mto Mara. Mji wenyewe umekaa mpakani. Upande mmoja ni kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Narok, na sokoni utasikia Kikipsigis na Kimaasai vikisemwa kwa pamoja.

Watu wengi wa mjini wakisikia Bomet au Kericho hufikiria majani chai. Kweli, ukipanda kuelekea Konoin na Kericho, chai imetandazwa kama zulia. Lakini Mulot iko chini, kwenye jua kali zaidi na mvua chache. Mkulima wa chai akipatwa na pigo la mahindi, angalau ana bonasi ya kungojea. Wa Mulot hana bonasi. Bonasi yake ni mahindi na ng'ombe, na hivyo viwili vikiyumba kwa pamoja, karo ya shule nayo huyumba.

Koroito yaingia

Mnamo Septemba 2011, wakulima wa tarafa ya Longisa waliona jambo geni. Mahindi yaliyokuwa yameota vizuri, ya kijani, yalianza kupauka. Majani yakawa na madoadoa ya manjano, kisha yakakauka kutoka kingoni kuingia ndani, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Mimea mingine ilikufa kabla ya kutoa mbelewele. Iliyobahatika kuzaa ilitoa hindi dogo, lenye mapengo, na likimenywa mara nyingi lilikuwa limeoza.

Wenyeji waliuita ugonjwa huo koroito, yaani tauni. Awali baadhi ya watu walidhani ni mbegu mbovu, wengine wakadhani ni ukosefu wa mbolea. Watafiti walipochukua majani na kuyapima, iligunduliwa kuwa ni ugonjwa ambao haujawahi kuripotiwa nchini Kenya. Ulikuwa umeonekana kwa mara ya kwanza katika jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 1976. Kwa Kiingereza unafahamika kwa kifupi kama MLN.

Kutoka Longisa, habari mbaya zilienda mbio. Ugonjwa uliingia Narok na Naivasha, kisha sehemu nyingine za nchi. Makadirio ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa hekta zipatazo 77,000 zilikuwa zimeathiriwa nchini Kenya. Mwaka huo huo uliripotiwa Tanzania na Uganda, na kufikia 2014 ulikuwa umefika Rwanda, Kongo na Ethiopia. Hivyo ndivyo jina la Longisa lilivyoingia katika vitabu vya wataalamu wa magonjwa ya mimea duniani.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, hapa pana jambo la kuvutia. Koroito hailetwi na kirusi kimoja, bali viwili vinavyoshirikiana. Cha kwanza huitwa MCMV kwa kifupi. Cha pili, kwa huku kwetu, aghalabu ni SCMV, kirusi cha batobato ya miwa, ambacho kilikuwako nchini miaka mingi kabla ya 2011 na wakulima waliishi nacho.

Kila kimoja kikiwa peke yake, mhindi hudhoofika lakini mara nyingi huweza kuzaa. Vikikutana ndani ya mmea mmoja, mmea huo huangamia. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hapa mikono ilikuwa miwili.

Virusi havina miguu. Hubebwa na wadudu. MCMV hubebwa na wadudu wadogo mno waitwao thiripi, pamoja na baadhi ya mbawakawa wanaokula majani. SCMV hubebwa na vidukari. Aidha, MCMV huweza kubaki katika mabaki ya mimea iliyougua na, kwa kiwango kidogo sana, kupitia kwa mbegu.

Sasa fikiria shamba ambalo halikosi mahindi. Haya ya masika hayajavunwa, na jirani tayari amepanda ya vuli. Ya vuli hayajakauka, na mwingine amewahi kupanda ya masika. Thiripi na kidukari hawana siku hata moja ya njaa. Wakitoka shamba moja wanaingia jingine, wamebeba mzigo uleule. Hali ya namna hiyo, mahindi juu ya mahindi mwaka mzima, ndiyo iliyoupa ugonjwa huu nguvu katika sehemu za chini za Bomet.

Hakuna dawa ya kuponya

Hapana budi jambo hili lisemwe wazi kwa sababu pesa nyingi zimepotea. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoponya mhindi uliokwisha kuingiwa na virusi. Dawa za wadudu huweza kupunguza thiripi na vidukari, lakini mmea ulioambukizwa haurudi kuwa mzima. Mtu akikuuzia chupa kwa ahadi kwamba koroito itapona, mshukuru na uende zako.

Kinga iko katika mpangilio wa shamba. Wataalamu wa kilimo walitoa mawaidha ambayo bado yanafaa hadi leo, na nimeyapanga hapa kwa lugha nyepesi.

Kwanza, pumzisha shamba na mahindi. Baada ya msimu wa mahindi, panda maharagwe, viazi, viazi vitamu, vitunguu, kabeji au mmea mwingine ambao si wa jamii ya nafaka. MCMV haviishi katika mimea hiyo kama viishivyo katika mahindi, na mnyororo hukatika.

Hapa pana mtego. Watu wengi wakiambiwa wabadilishe, hukimbilia wimbi au mtama, vyakula vya wazee wetu kabla mahindi hayajatawala meza. Wimbi ni chakula bora, na kimnyet cha wimbi kwa mursik hakina mfano wake. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba MCMV ilikuwa imepatikana ndani ya wimbi hapa Kenya, na mtama nao huingiwa na kirusi cha batobato ya miwa. Kwa hiyo wimbi lipandwe kwa kuliwa, lakini lisihesabiwe kuwa ndilo mapumziko ya shamba la mahindi.

Pili, panda mapema na pandeni pamoja. Mahindi yapandwe mvua za masika zinapoanza. Anayechelewa kwa mwezi mzima huotesha miche michanga wakati wadudu wamekwisha kuongezeka katika mashamba ya wenzake, na wote huhamia kwake. Pia ni bora kijiji kizima kikubaliane kuwa na kipindi ambacho hakuna mhindi uliosimama shambani. Kwa watu wa Mulot hili lina ugumu wake, kwani shamba moja liko kaunti hii na la pili liko ile, na afisa wa kilimo wa upande mmoja si wa upande wa pili. Thiripi hajui mpaka wa kaunti. Mabaraza ya machifu na vikundi vya akina mama ndipo mahali pa kuafikiana.

Tatu, ng'oa mapema. Ukiona mimea michache yenye dalili, ing'oe na uiondoe shambani bila kungoja. Palilia pia, maana magugu ya jamii ya nyasi ni nyumba ya kungojea msimu ujao.

Nne, usile wala usilishe hindi lililooza. Mabua mabichi ya mahindi yaliyougua yanaweza kulishwa ng'ombe papo hapo nyumbani, lakini yasisafirishwe kwenda sehemu isiyo na ugonjwa. Hindi lenye ukungu ni jambo jingine kabisa. Ukungu huweza kuleta sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na ng'ombe akiila, hupita hadi katika maziwa. Liteketezwe au lizikwe.

Tano, tafuta mbegu zinazostahimili. Mwaka 2013 kituo maalumu cha kupimia mbegu dhidi ya ugonjwa huu kilifunguliwa Naivasha na shirika la CIMMYT pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo inaitwa KALRO. Tangu hapo mbegu chotara kadhaa zenye uwezo wa kustahimili zimetolewa kwa wakulima. Kustahimili si sawa na kutougua. Mbegu hizo husaidia, lakini haziondoi haja ya kubadilisha mimea.

Na ng'ombe atakula nini?

Hapa ndipo mawaidha mengi huishia, na hapa ndipo mkulima wa Mulot huanza kutikisa kichwa. Ukimwambia apunguze mahindi, yeye hafikirii ugali peke yake. Anafikiria mabua. Baada ya mavuno, mabua hayo ndiyo humvusha ng'ombe kiangazi cha Desemba hadi Februari. Bila mabua maziwa hupungua, na bila maziwa hakuna cha kupeleka kwa gari la maziwa liendalo kiwanda cha New KCC huko Sotik.

Hoja yake ni ya haki. Kwa hiyo anayetaka kupumzisha mahindi sharti kwanza apange chakula cha ng'ombe.

Tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watanisahihisha. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kila siku chakula kikavu cha takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12. Kiangazi cha siku 90 kitahitaji kilo 1,080. Ikiwa nusu ya hiyo itatokana na nyasi kavu, ni kilo 540, ambazo ni marobota 27 ya kilo 20 kila moja. Hiyo si hesabu ya kutisha. Ni ya kupangwa mapema tu.

Nyasi zinazofaa kukaushwa katika sehemu kama Mulot ni zile ambazo wakulima huziita boma rhodes. Huvumilia ukame kuliko nepia. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi mno. Udongo ulainishwe vizuri, na mbegu zifukiwe juu juu tu, kwani nyingi hushindwa kuota kwa sababu zilizikwa mno. Msimu wa kwanza palilia na usiingize mifugo. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua. Ukingoja zikomae kabisa utapata robota kubwa lenye chakula kidogo.

Wala huhitaji mashine. Fundi seremala atakutengenezea sanduku la mbao lisilo na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Tandaza kamba, jaza nyasi, kanyaga, funga. Utapata robota la kilo zipatazo 20, na watoto waliofunga shule watafurahia kazi ya kukanyaga.

Nepia ipandwe sehemu yenye unyevu, kwenye matuta na kando ya mifereji, ambako huzuia udongo usichukuliwe na maji. Ikatwe ikiwa na urefu wa kama mita moja. Wengi huiacha ikapita kichwa cha mtu wakidhani wanafaidi, kumbe wanamlisha ng'ombe kuni. Katikati ya nepia panda desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe unaotambaa. Humpa ng'ombe protini na kurutubisha udongo. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilitumia desmodiamu kati ya mahindi na nepia pembeni katika mbinu iitwayo sukuma-vuta. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wazaao viwavi wa mabua, na nepia iliyo pembeni huwavuta.

Tena kuna viazi vitamu. Huu ni mmea ambao wakulima wengi huudharau kwa kuwa ni wa akina mama. Chini hutoa chakula cha watu, juu hutoa marando ambayo ng'ombe huyapenda sana, na wakati huo huo shamba linapumzika na mahindi. Ni vigumu kupata mmea mwingine utakaofanya kazi tatu kwa wakati mmoja.

Mfano wa ekari mbili

Tuseme wewe unaishi Kawangware au Umoja, na mama yako ana ekari mbili karibu na Mulot. Kwa miaka yote, ekari moja na nusu ni mahindi na iliyosalia ni malisho yaliyochakaa.

Zigawe ekari hizo vipande vinne vya nusu ekari. Cha kwanza kiwe cha nyasi, boma rhodes na nepia yenye desmodiamu, nacho kikae hapo kwa miaka. Vitatu vilivyobaki vizunguke. Kimoja mahindi, kimoja maharagwe, kimoja viazi vitamu au viazi. Mwaka unaofuata, mahindi yaende palipokuwa maharagwe, maharagwe yaende palipokuwa viazi, na viazi vifuate mahindi. Kwa mpango huo mahindi hayarudi pale yalipokuwa hadi mwaka wa nne.

Mama atasema, na kwa haki, kwamba nusu ekari ya mahindi ni kidogo. Lakini nusu ekari iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25 huchukua miche ipatayo 10,800. Miche hiyo ikipandwa mapema, ikapata samadi na mbolea yake, na kupaliliwa kwa wakati, huweza kumshinda jirani aliyetawanya mbolea hiyo hiyo kwenye ekari moja na nusu iliyochoka. Endapo ugonjwa utaingia, atakuwa amepoteza kipande kimoja kati ya vinne. Wale wa Longisa waliotegemea mahindi peke yake mwaka 2011 walipoteza kila kitu.

Zamu yako wewe uliye mjini

Mara nyingi tunamlaumu mzee wa nyumbani kwamba hataki kubadilika. Ukweli ni kwamba shinikizo la mahindi hutoka pia mjini. Ni sisi tunaouliza magunia mangapi. Ni sisi tunaotuma pesa na kusema ni za mbegu ya mahindi. Mama akipanda viazi vitamu, hufikiri atatuudhi kwa kukosa gunia la kutupakilia kwenye gari.

Kwa hiyo mpigie simu umwambie mapema, kwa heshima inayomstahili, kwamba gunia la maharagwe litapokewa kwa shukrani ile ile. Kisha tuma pesa za pembejeo kabla ya mvua. Pesa zinazofika Aprili wakati mvua ilianza Machi ni pesa za kupanda mahindi ya thiripi.

Akienda agroveti kununua mbegu, mwambie aangalie kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti. Kibandiko hicho hukwaruzwa, na nambari iliyo chini yake hutumwa kwa arafa kwa 1393 ili kujua kama mbegu ni halali. Kama hasomi maandishi madogo, akusomee mtoto wa jirani nambari hiyo kwa simu nawe uitume ukiwa mjini. Huo ni msaada usiogharimu nauli.

Koroito haijaondoka nchini, na tangu 2017 viwavijeshi vamizi navyo vimeongeza taabu ya mahindi. Shamba la mmea mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Watu wa Longisa na Mulot walilijua hilo kwa uchungu, na sisi wengine tunaweza kulijua kwa kusoma tu.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kutengeneza sileji katika mifuko ya plastiki, kwa wale wenye ng'ombe mmoja au wawili. Hadi wakati huo, Jumapili njema.